Kuwasilisha Bungeni Bajeti ya Uendeshaji na Matengenezo ya Jeshi la Uganda: Mwongozo Kamili

Bajeti ya uendeshaji na matengenezo ya jeshi ni ile inayolipia mafuta ya malori, chakula cha askari, vipuri, matairi, dawa, maji na umeme wa kambi, pamoja na ukarabati wa mabweni na karakana. Haina mvuto wa bajeti ya kununua ndege au vifaru, na kwa sababu hiyo huandikwa kwa haraka, hutetewa kwa maneno machache, na hukatwa mapema kila Hazina inapobanwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maofisa wa mipango katika Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Maveterani, makarani wa kamati za Bunge, wasaidizi wa wabunge, na raia wanaotaka kufuatilia fungu hilo kwa ushahidi. Msimamo wangu ni kwamba hatima ya bajeti hii huamuliwa zaidi mwezi Novemba, wakati hesabu za kwanza zinapoandikwa, kuliko mwezi Mei, wakati wabunge wanapopiga kura.

Sheria zinazotawala kazi hii

Msingi ni Katiba ya 1995. Ibara ya 155 inamtaka Rais aandae makadirio ya mapato na matumizi ya kila mwaka wa fedha na kuyawasilisha Bungeni, na inaziruhusu kamati za Bunge kuyapitia na kutoa mapendekezo. Ibara ya 154 inazuia fedha kutolewa kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina bila idhini ya kisheria, na Ibara ya 156 inaeleza Muswada wa Matumizi na makadirio ya nyongeza. Ibara ya 208 inalitaka UPDF, yaani jeshi la Uganda, liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Maneno hayo hayaishii kwenye heshima ya gwaride, kwa kuwa kwa upande wa fedha maana yake ni kwamba jenerali hawezi kujiidhinishia matumizi.

Sheria ya pili ni ile ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, ambayo ndiyo inayoweka tarehe na yaliyomo katika kila waraka. Namba za vifungu nitakazozitaja ni za sheria hiyo kama ilivyochapishwa 2015. Katika toleo la sheria zilizorekebishwa, lililoanza kutumika 1 Julai 2024, sheria hiyo ni Sura ya 171 na namba za vifungu zinaweza kuwa zimesogea, hivyo anayeandika waraka rasmi afungue toleo jipya kabla ya kunukuu. Zaidi ya hizo mbili, mwandaaji awe na Sheria ya UPDF ya 2005, Sheria ya Ununuzi wa Umma, na Kanuni za Bunge.

Hatua ya kwanza: kumtambua anayewajibika

Ibara ya 164 inasema kwamba Katibu Mkuu, au afisa masuuli wa wizara, ndiye anayewajibika kwa Bunge kwa fedha za wizara yake. Kwa hiyo, hata kama mahitaji yametoka kwa makamanda, anayetia sahihi na kujibu maswali ya hesabu ni mtumishi wa kiraia. Ibara hiyohiyo inaongeza jambo ambalo maofisa wengi hulisahau: mtu yeyote mwenye wadhifa wa kisiasa au wa umma anayeelekeza au kuridhia fedha zitumike kinyume cha maelekezo yaliyopo atawajibika kwa hasara itakayotokea, awe bado yuko ofisini au ameshaondoka. Amri ya mdomo kutoka kwa mkubwa, basi, haimwokoi aliyeitekeleza wala aliyeitoa, na afisa masuuli anayepokea amri kama hiyo afanye juu chini aipate kwa maandishi.

Ibara ya 93 nayo inalizuia Bunge kushughulikia hoja au muswada unaotoza fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina usipoletwa kwa niaba ya Serikali. Wawakilishi kumi wa UPDF walioko Bungeni wanaweza kueleza hali ya kambi na kushiriki mjadala kama wabunge wengine, lakini hawawezi kuchukua nafasi ya Waziri katika kuleta ombi la fedha.

Hatua ya pili: kutenganisha ya wazi na ya siri

Fungu ni taasisi yenye namba yake ya bajeti, na la Wizara ya Ulinzi ni Fungu 004. Ndani yake mna mishahara, matumizi mengine ya kawaida, na maendeleo. Uendeshaji na matengenezo huangukia zaidi katika matumizi ya kawaida yasiyo mishahara, ambako mafuta na vilainishi vina kasma yake (mstari wake wa bajeti), na matengenezo ya majengo, magari na mitambo yana kasma zake katika kundi la namba 228.

Kifungu cha 24 kinaruhusu matumizi ya siri, lakini kwa ajili ya ulinzi na usalama wa taifa pekee. Bajeti ya siri huchunguzwa na kamati ndogo ya watu watatu: mwenyekiti wa kamati ya bajeti, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na mambo ya ndani, na mbunge mmoja anayeteuliwa na Spika. Watatu hao hutunza siri ya wanachokiona, lakini wanakiona. Kwa hiyo, hoja kwamba jambo ni la siri hivyo Bunge haliwezi kulijua haina mashiko kisheria.

Kosa linaloiumiza sana bajeti ya matengenezo ni kuliingiza kila jambo la jeshi katika kapu la siri. Idadi ya makombora inaweza kuwa siri, lakini bili ya maji ya kambi haiwezi kuwa siri, wala unga wa ugali, wala matairi ya malori ya kawaida yanayopita barabara ya Kampala kwenda Masaka mchana kweupe. Kila kilichofichwa bila sababu hukosa watetezi, kwa kuwa wabunge zaidi ya mia tano hawawezi kutetea kasma ambayo watatu tu wameiona. Sheria ya Ununuzi wa Umma inafuata mantiki hiyohiyo: vyombo vya ulinzi hukubaliana na Mamlaka ya Ununuzi wa Umma kila mwaka juu ya vitu vitakavyonunuliwa kwa orodha iliyozuiliwa, na vilivyobaki hununuliwa kwa utaratibu wa wazi. Ni busara orodha hiyo ikamilike kabla ya kuandika bajeti, ili kasma na njia za ununuzi zisipingane.

Hatua ya tatu: Waraka wa Mwelekeo wa Bajeti

Chini ya kifungu cha 9, afisa masuuli huandaa Waraka wa Mwelekeo wa Bajeti wa fungu lake kwa kushauriana na wadau na kuuwasilisha kwa Waziri wa Fedha kabla au ifikapo 15 Novemba. Waziri wa Fedha huupeleka waraka wa kitaifa Bungeni ifikapo 31 Desemba, na Bunge hupitia na kuuidhinisha ifikapo 1 Februari. Waraka huambatana na cheti cha usawa wa kijinsia na haki, kinachotolewa kwa kushauriana na Tume ya Fursa Sawa. Wapo makamanda wanaokiona cheti hicho kama mzigo usio wa jeshi, ilhali zahanati za kambi zenye huduma za uzazi, mabweni ya askari wanawake na shule za watoto wa askari ni sehemu halali ya uendeshaji, na zikielezwa vizuri hufaidika na sharti hilo.

Hapa ndipo bajeti ya matengenezo inapopona au inapokufa. Viwango vya juu vya matumizi kwa kila fungu hupangwa kutokana na waraka huu, na hitaji lisiloandikwa Novemba huingia baadaye kwa kumnyang'anya mwingine. Mahitaji kutoka ghala na karakana za Magamaga, kituo cha anga cha Entebbe au kambi za Nakasongola yanapaswa kukusanywa kuanzia Agosti, yakiwa na idadi ya vifaa, umri wake na hali yake. Kambini mazungumzo mengi ni Kiswahili na karatasi za Bunge ni za Kiingereza, kwa hiyo ofisa wa mipango arudi kwa mkuu wa karakana na kumsomea alichoandika kabla hakijapanda juu. Nimeona maombi mazuri yakigeuka sentensi mbili zisizo na uzito kwa sababu hakuna aliyerudi kuuliza.

Hatua ya nne: Taarifa ya Sera ya Wizara

Ifikapo 15 Machi, kila wizara huwasilisha Bungeni Taarifa ya Sera ya mwaka unaofuata. Kifungu cha 13 kinataka taarifa hiyo iwe na mpango kazi wa mwaka na wa kila miezi mitatu wenye malengo na viashiria vya utendaji, mpango wa ununuzi, mpango wa ajira, makadirio ya mtiririko wa fedha, na maelezo ya hatua zilizochukuliwa kutekeleza mapendekezo ya Bunge juu ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Bajeti ya kitaifa yenyewe huwasilishwa ifikapo 1 Aprili, nayo huambatana na cheti cha Mamlaka ya Mipango ya Taifa kuhusu ulinganifu wa bajeti ya mwaka uliotangulia na Mpango wa Maendeleo ya Taifa.

Kiashiria cha utendaji ndicho moyo wa taarifa, na ndicho kinachoandikwa vibaya kupita vyote. Kuandika kwamba magari yatatunzwa katika hali nzuri hakumpi mbunge chochote cha kupima. Tuchukue mfano wa kubuni wa kikosi chenye malori 100, kila moja likitembea kilomita 15,000 kwa mwaka na kutumia lita 35 kwa kila kilomita 100. Kila lori litahitaji lita 5,250, na kikosi kizima lita 525,000; kwa bei ya shilingi 5,000 kwa lita, mafuta ni shilingi bilioni 2.625. Huduma ya gari kila kilomita 5,000 ni mara tatu kwa mwaka, yaani huduma 300, ambazo kwa shilingi milioni 1.5 kila moja ni milioni 450. Lori lenye matairi 10 yanayodumu kilomita 60,000 linahitaji robo ya matairi yake kwa mwaka, kwa hiyo kikosi kinahitaji matairi 250, na kwa shilingi milioni 1.6 kwa tairi ni milioni 400. Jumla ni shilingi bilioni 3.475.

Faida ya hesabu hiyo huonekana pale Hazina inaposema itatoa asilimia 80 ya fedha za mafuta. Badala ya kulalamika kwamba operesheni zitaathirika, Wizara inaweza kuiambia kamati kwamba lita zitashuka hadi 420,000 na kila lori litatembea kilomita 12,000 badala ya 15,000, kisha ikataja ni safari zipi zitafutwa. Mbunge akikata, anakata akijua anachokata. Hesabu hiyo haifichui siri ya vita, kwa kuwa inaweza kuwasilishwa kwa wastani wa jeshi zima bila kutaja kikosi wala mahali.

Mpango wa robo mwaka nao uendane na uhalisia wa kazi. Ukarabati wa paa na barabara za kambi ukipangwa katika miezi ya mvua kubwa, Machi hadi Mei, fedha zitakaa bila kutumika na maelezo ya Juni yatakuwa ya aibu.

Hatua ya tano: mbele ya kamati

Taarifa hupelekwa kwa Kamati ya Ulinzi na Mambo ya Ndani, ambayo hupokea maelezo ya Waziri na Katibu Mkuu, huuliza, kisha huandika ripoti inayounganishwa na kazi ya Kamati ya Bajeti. Chini ya Ibara ya 90 kamati ina mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kuita mashahidi na kulazimisha nyaraka ziletwe, hivyo kutofika au kufika bila nyaraka ni hatari isiyo na faida. Panapokuwa na jambo nyeti, njia ni kuomba kikao cha faragha kwa sehemu hiyo pekee na kuendelea hadharani na yaliyobaki.

Ujumbe uwe mdogo: Waziri kwa sera, Katibu Mkuu kwa hesabu, na ofisa anayejua karakana kwa maswali ya kitaalamu. Msafara mrefu wa nyota na vifungo huwavutia wapiga picha, lakini kamati inapouliza kwa nini kasma ya vipuri ilibaki na fedha mwaka jana, anayehitajika ni yule aliyefuatilia zabuni.

Bunge linapaswa kuidhinisha bajeti ya mwaka na Muswada wa Matumizi ifikapo 31 Mei. Hotuba ya bajeti ya Juni, ambayo miaka ya karibuni imesomwa katika viwanja vya Kololo, huja baada ya maamuzi hayo, na anayesubiri siku hiyo ili aanze kudai fedha za vipuri amechelewa.

Mikataba inayovuka mwaka

Matengenezo ya ndege, rada na magari ya kivita mara nyingi huhitaji mkataba wa miaka kadhaa, kwa kuwa mtengenezaji hataweka mafundi na vipuri kwa ajili ya miezi kumi na miwili. Kifungu cha 23 kinakataza fungu kuingia mkataba unaoifunga Serikali kwa zaidi ya mwaka mmoja wa fedha bila idhini ya Bunge. Kwa hiyo ombi la mkataba wa namna hiyo liwe na jumla ya gharama, mgawanyo wa kila mwaka, na kinachotokea mkataba ukivunjwa, na liletwe pamoja na bajeti ya mwaka.

Historia inaonyesha kwa nini jambo hili lina uzito. Uganda iliponunua kutoka Urusi ndege sita za kivita aina ya Su-30 kwa takriban dola milioni 740, fedha zilitolewa kabla ya Bunge kuidhinisha, na ombi la nyongeza likafika kwa wabunge Machi 2011. Mjadala wa wakati ule ulijaa bei ya ununuzi. Lakini ndege ya namna hiyo hudai injini kufanyiwa ukarabati mkubwa, vipuri, mafuta maalumu na mafunzo ya marubani kwa miongo, na gharama hizo hulipwa na kasma hizi ninazozizungumzia. Ningependa kila ombi la kununua chombo kikubwa liambatane na jedwali la matengenezo yake kwa angalau miaka kumi, na kamati ina nguvu ya kulidai jedwali hilo hata pale sheria isipolitaja.

Operesheni za nje na bajeti ya nyongeza

Ibara ya 210 inalipa Bunge jukumu la kutunga sheria kuhusu kupeleka askari nje ya nchi, na Sheria ya UPDF inaeleza utaratibu wa idhini. Mwaka 2014 Bunge lilijadili na kuidhinisha kupelekwa kwa askari Sudan Kusini mwezi Januari, wakati askari walikuwa wameshavuka tangu Desemba 2013. Na Operesheni Shujaa dhidi ya waasi wa ADF mashariki mwa Kongo ilianza 30 Novemba 2021, katikati ya mwaka wa fedha uliokwisha kupangwa. Operesheni za ghafla, kwa asili yake, huvunja bajeti.

Kwa hali hiyo kuna bajeti ya nyongeza. Kifungu cha 25 kinasema nyongeza inayohitaji fedha mpya isizidi asilimia 3 ya bajeti yote iliyoidhinishwa bila Bunge kuidhinisha kwanza, na kwa zilizotumika ndani ya kiwango hicho makadirio yaletwe Bungeni ndani ya miezi minne baada ya fedha kutumika. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa takriban shilingi trilioni 72.1, hivyo asilimia 3 ni kama trilioni 2.16. Kiwango hicho ni cha Serikali nzima: jeshi hushindana nacho pamoja na hospitali, mafuriko na mishahara ya walimu. Wizara inayoomba nyongeza kila mwaka kwa ajili ya chakula na mafuta ya kawaida inajitangaza kwamba Novemba haikupiga hesabu, na kamati ina haki ya kuiuliza ni kitu gani kilichokuwa cha dharura.

Ombi la nyongeza la operesheni litenganishe gharama zipya, kama posho za operesheni na mafuta ya ziada, na zile ambazo zingelipwa hata askari wangebaki kambini. Kwa misheni ya Somalia, ambako UPDF imekuwapo tangu Machi 2007, kuna pia marejesho ya gharama za vifaa kutoka nje. Chini ya Ibara ya 153, mapato ya Serikali huingia Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa sheria ielekeze vingine, kwa hiyo marejesho hayo yaonyeshwe kama mapato, na matumizi ya kukarabati vifaa vilivyorudi yaombwe kama matumizi.

Baada ya idhini

Kuhamisha fedha kati ya kasma ndani ya fungu kunahitaji kibali cha Wizara ya Fedha na kuna mipaka, hivyo kuchota fedha za vipuri ili kulipia safari ni jambo la kuandikiwa barua. Kifungu cha 21 kinalizuia fungu kukopa bidhaa kwa wafanyabiashara wa ndani likiwa na malimbikizo ya madeni ya mwaka uliopita. Hilo ni sharti chungu kwa jeshi lenye wauzaji wengi wa chakula, na malimbikizo yakiwapo yaandikwe katika kasma yake badala ya kufichwa ndani ya bajeti ya mwaka mpya.

Fedha ambazo hazijatumika hadi 30 Juni hurudi Mfuko Mkuu wa Hazina. Hesabu za mwaka hupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi miwili, naye hutoa ripoti yake kwa Bunge ifikapo 31 Desemba, ikiwa karibu siku ileile waraka mpya wa mwelekeo unapowasili kwa wabunge. Kamati ya Hesabu za Umma, inayoongozwa na upinzani, huichambua baadaye, lakini afisa masuuli makini haisubiri. Huchukua kila hoja ya ukaguzi inayohusu mafuta, vipuri na ghala, huandika hatua iliyochukuliwa, tarehe na ofisa mhusika, na jedwali hilo huliweka ndani ya Taarifa ya Sera ya 15 Machi kama kifungu cha 13 kinavyotaka.